Mchana Uliosimama Korongoni

Habari kwamba mchana umeanza kutembea zilifika Barazani zikiwa zimechelewa, maana habari za Korongoni siku zote zilichelewa. Zilifika juu ya kichwa cha mwanamke, ndani ya pakacha, zikigongana kwa sauti ya vigae. Mwanamke huyo aliitwa Mize. Alikuwa mfinyanzi, na alikuwa ametembea kutoka bondeni bila kupumzika ili amwone mdogo wake Sihaba, ambaye watu wa Korongoni walimchagua awasemee mjini.

Sihaba alimkuta amekaa kwenye ngazi za Baraza, pakacha mapajani, watu wakimpita pembeni kama wanavyompita mtu aliyelala.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tazama."

Mize akalipindua pakacha. Vikamwagika vipande vya vyungu, vya mitungi, vya vyetezo, vyote vimepasuka kabla ya kuonja moto. Mtu aliyezaliwa Korongoni hahitaji kuelezwa. Chungu kibichi hukaushwa kivulini, taratibu, kikiachwa kitoe maji yake kwa hiari. Jua likikishika ghafla hupasuka kama mdomo wa mwenye kiu.

"Nani kavianika juani?"

"Hakuna aliyevianika. Kivuli ndicho kilichoondoka."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kushangaa. Jua lilikuwa limesimama juu ya Korongoni ya Juu na halikutaka kusogea. Watu wenye vioo virefu walikuwa wamejipanga kutoka ukingo huu wa bonde hadi ule, na kila kulipokucha walisogea hatua chache. Walipopita, mchana ulibaki nyuma yao. Hakukuwa na alasiri wala jioni. Nzi walikuwa wametulia ukutani. Watu wa kule walikuwa wamesimama milangoni mwa nyumba zao, wakitabasamu, na ukimwita mtu kwa jina lake haitiki.

"Wanasema wote wanaitwa Tulia," Mize alisema. "Mume wa Mboja, Tulia. Mboja mwenyewe, Tulia. Nimemuuliza, wewe si ndiye tuliyecheza naye? Akaniambia, ndiyo. Nikamuuliza, au siye? Akaniambia, ndiyo."

Sihaba hakuuliza vioo vilitoka wapi. Mjini kila mtu alijua, ingawa watu hawakupenda kutamka. Ng'ambo ya kilele ilikuwapo nchi ya Bwana Adhuhuri, ambako, kama ilivyosemwa, jua liliamriwa lisimame utosini nalo likatii. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Walioangalia upande wake waliona vioo tu, na ndani ya vioo wakajiona wenyewe wakikodoa macho.

*

Baraza la mji huo lilikuwa jumba lenye ukuta mmoja mweupe upande wa mashariki na madirisha makubwa upande wa magharibi. Watu wa mji waliamua mambo yao pale, alasiri, jua likiwa limeinama. Aliyekubali aliinua mkono, na kivuli cha mkono kikapanda ukutani. Vivuli ndivyo vilivyohesabiwa, si mikono, kwa sababu, walisema waasisi, mkono wa tajiri una pete na mkono wa maskini una sugu, lakini vivuli havina kitu. Kwa hiyo mtu aliyeuliza kwa nini mji ule uliogopa mchana usiokwisha alijibiwa kwa kuonyeshwa ukuta. Saa sita hakuna kivuli cha kuhesabu. Saa sita kila mtu amesimama juu ya kivuli chake mwenyewe, amekikanyaga.

Mwenyekiti alikuwa Nyange, mwanamume mwembamba aliyezipenda kanuni kama wengine wanavyopenda chakula. Alimzuia Mize mlangoni, kwa upole, kwa kuwa asiye mjumbe haruhusiwi kusema ndani. Mize akasimama nyuma na pakacha lake. Sihaba akasema kwa niaba yake, na alisema vizuri, kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri. Na aliposikia mwenyewe jinsi anavyosema vizuri akaona haya.

Aliyemjibu kwanza ni Mheshimiwa Ngwali, mfanyabiashara wa matofali. Ngwali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana aliowapenda mpaka akawa anashindwa kula wakichelewa kurudi. Matofali yake aliyanunua ng'ambo ya kilele, ambako yalikauka siku ile ile yalipopigwa, na nusu ya mji ilijengwa kwayo, ukuta mweupe ukiwamo.

"Waheshimiwa," alisema, "Korongoni ya Juu ni nini? Ni mteremko, na wafinyanzi, na wao, kwa maneno ya Bi Sihaba mwenyewe, wanatabasamu. Mimi sitaki mwanangu apigwe na jua la watu kwa ajili ya mteremko. Huyu bwana ana njaa ya kitu kimoja. Tumpe, ale, alale."

"Kule hakuna kulala," alisema Mize kutoka nyuma.

"Mgeni atulie," alisema Nyange, na aliposikia neno lenyewe kinywani mwake akakohoa.

Kisha akasimama Jemadari Songoro. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake ndogo, na watu waliinama kumsikiliza.

"Mimi ninaweza kuwavunja wale," alisema. "Lakini siwezi kupigana huku nikiomba ruhusa. Nipeni mji. Nipeni milango, maghala, na sauti zenu. Fungeni Baraza hili mpaka nitakapomaliza. Yule anaamka na kuamua kabla hajanawa uso. Sisi tunaanza kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita."

Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi, na waliopiga makofi walikuwa wengi kuliko Sihaba alivyotegemea. Aliwatazama. Akaona jinsi watu wanavyoweza kuuchoka uzito wa kuamua, wakautamani mkono mmoja uwabebee, na wakauita mkono huo ushujaa. Aliwaza: basi mchana una milango miwili. Mmoja uko bondeni, ambako wanaingia na vioo. Mwingine uko humu ndani, na tutaufungua sisi, kwa kura.

Walibishana mpaka vivuli vikarefuka vikagusa dari. Pendekezo la Ngwali halikupita. La Songoro halikupita. Lililopita ni kwamba Baraza linasikitika. Akatumwa mpiga mbiu akalitangaze sikitiko hilo juu ya kilele, kwa nguvu, mara mbili.

Mize alishaanza kufunga pakacha.

"Kaa kwangu," Sihaba alimwambia ngazini. "Mpaka mambo yatulie."

"Usiseme hilo neno."

"Samahani. Kaa tu, dada."

"Nani ataangalia tanuru?"

"Ukirudi, tanuru litakuwa upande wa pili."

"Basi nitakuwa nalo." Mize alimtazama mdogo wake bila hasira. "Mnasema vizuri sana humu. Nimesikiliza kila neno, na sikusikia hata moja baya. Nilikuwa najiuliza tu, haya maneno yana miguu?"

Akaenda zake.

*

Siku zilizofuata Sihaba hakufanya kitu. Alikaa chumbani na swali likakaa naye, mbele yake, kama mgeni asiyetaka chai. Anayetilia shaka atapiganaje na asiyekuwa na shaka? Sisi tumejengwa kwa "huenda." Tumejengwa kwa "tusikie na upande wa pili." Yule ana neno moja na analirudia, na neno moja likirudiwa linakuwa ukuta. Tukijifunza kusema kama yeye, atakuwa ameshatuchukua kabla hajafika. Tusipojifunza, atafika. Je, iko namna ya kusema hapana kwa sauti nyingi zisizofanana, na bado ikawa hapana? Au hapana ya watu wengi siku zote ni mnong'ono?

Mwishowe akatoka akafuata njia ya Korongoni.

Njia ile haikuwa na umri mmoja. Kwenye daraja la kwanza Sihaba alikuwa mtoto, vidole vyake vimejaa udongo, na mama yake alikuwa mbele akitembea bila kugeuka. Kwenye mteremko alikuwa kikongwe, magoti yanamuuma, na hakukumbuka alichosahau. Alipita shamba la mihogo akiwa Mize. Alijua ni Mize kwa sababu pakacha lilimlemea kichwani na moyoni alikuwa na mdogo wake wa mjini ambaye alimpenda na kumdharau kidogo. Kisha akarudi kuwa yeye. Upepo ulikatika. Harufu ya udongo mbichi ikakatika. Mbele yake, katikati ya bonde, ulisimama mchana.

Ulikuwa na ukingo, kama nguo. Upande huu nyasi zilikuwa na kijani chenye kina na vivuli vyenye buluu; upande ule kila kitu kilikuwa cheupe na karibu sana, bila nyuma. Wabeba vioo walikuwa wamesimama bega kwa bega, na Sihaba alipowakaribia aliwatambua. Hawakuwa askari wa mbali. Walikuwa watu wa Korongoni ya Juu. Wengi wa waliomezwa walipewa vioo, wakawekwa mstari wa mbele, wakaambiwa wawamulike jirani zao. Tanuru la nyumba yao lilikuwa nyuma ya mstari, hatua chache ndani ya weupe. Mize hakuonekana, au alikuwapo nyuma ya mojawapo ya vioo vile, ambamo Sihaba aliona uso wake mwenyewe tu.

"Dada Mize!"

"Ndiyo," walijibu wote, kwa pamoja.

Katikati yao akatokea mtu aliyevaa vizuri, asiye na umri, asiye na jasho. Alikuwa mjumbe wa Bwana Adhuhuri, na alimkaribisha Sihaba kana kwamba yeye ndiye mwenyeji.

"Umechoka, Bi Sihaba. Watu wa kwenu wote wamechoka. Tunawaona. Asubuhi mnachagua, alasiri mnajutia mlichochagua, usiku mnaota mngechagua nini. Kwetu hakuna hayo. Hatukuja kuua mtu. Umeona maiti?"

"Nimeona watu wasiojua majina yao."

"Jina ni mzigo." Alitabasamu. "Bwana wangu hana haja na mji wenu. Anaomba jambo dogo. Baraza lenu litamke, mbele yetu, kwamba Korongoni ya Juu haikuwa yenu kamwe. Mkishatamka, hatutasogea tena."

"Na kwa nini mtamkiwe? Si mmeshaichukua?"

"Ardhi tunaichukua sisi. Jana yake lazima mtupe ninyi." Alisema hivyo kama mtu anayemweleza mpishi mwenzake jambo la jikoni. "Tambarare pia walidhani ni jambo kubwa, na leo nani analia?"

"Tambarare ipi?"

Mjumbe akacheka kwa furaha ya kweli. "Unaona? Hata wewe. Ilikuwa nchi yenu nzima, ng'ambo ya kilele, yenye mito na ngano. Babu zenu walitamka. Neno lilipotoka midomoni mwao, nchi ikatoka vichwani mwao. Hawakuteseka hata kidogo. Asubuhi waliamka wakaona kilele, wakasema, mpaka wetu daima ulikuwa hapa. Kitu kimoja tu kiliwabakia, nanyi mnakila kila siku."

Sihaba akakijua kitu hicho. Mkate wa tambarare. Kila nyumba ya mji ilianza siku kwa mkate wa tambarare, na watoto wakiuliza waliambiwa unaitwa hivyo kwa sababu ni bapa, umelala sawasawa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba unaitwa hivyo kwa sababu palikuwa na watu, wakiwa na mikono, wakiukanda, mahali.

*

Alipoingia Barazani hakuwa na hotuba. Alikuwa na mkate, alioununua mlangoni, bado wa moto. Akauweka juu ya meza ya Nyange.

"Mwenyekiti, hiki kinaitwaje?"

"Bi Sihaba, kwa kanuni ya…"

"Kinaitwaje?"

"Mkate wa tambarare."

"Tambarare ilikuwa nchi," Sihaba alisema. Akawaeleza yote, mjumbe, vioo, neno linalotakiwa kutamkwa. Mwanzoni walikunja nyuso. Kisha kitu kikaanza kutembea jumbani. Mtu mmoja akasema polepole kwamba bibi yake alikuwa akiimba wimbo wenye jina la mto, na mto huo hakuwahi kuuona. Mwingine akasema ndani ya nyumba yao mna mlango ambao watu husema unatazama kwa shangazi, na hawana shangazi upande huo. Hawakukumbuka. Waliona tu mashimo mahali ambapo kumbukumbu zilipaswa kuwapo, na mashimo yalikuwa na umbo.

"Kwa hiyo hashibi," alisema Songoro kwa sauti yake ndogo. "Nilisema. Nipeni mji."

"Hatukupi mji, Jemadari. Tunakupa bonde." Sihaba aligeuka akawatazama wote. "Tuhame. Si wewe na vijana wako peke yenu, Baraza zima. Tuchukue mabenchi, twende tukakae mbele ya vioo, tuendelee na kikao pale. Anataka tutamke? Tutatamka pale, kila mmoja kwa sauti yake. Na wewe utapigana pale, mbele yetu, na sisi tutaona kila kinachofanyika kwa jina letu, na vijana watakaoanguka wataangukia miguuni mwetu. Jirani zetu wa miji mingine wakitaka kutusaidia, wasitume salamu. Waje na viti vyao."

"Huo ni wazimu," Ngwali alisema. "Tutaungua."

"Ndiyo, tutaungua."

Hakuna aliyecheka. Nyange alikuwa ameinamia mkate, anautazama kana kwamba una maandishi. Hatimaye alisema, bila kuinua kichwa, kwamba hakuna kanuni inayolitaja jumba. Kanuni zinataja Baraza. Baraza ni mahali wajumbe walipo.

Wakainua mikono. Vivuli vilipanda ukutani, vikahesabiwa, vikatosha kwa shida. Ngwali hakuinua. Lakini mabenchi yalipoanza kutolewa, alishika mwisho wa benchi zito kuliko yote, akasema kwa hasira kwamba yeye ni mjumbe kama wengine na hakubali kikao kifanyike bila kumpinga mtu.

*

Walikaa Korongoni, na kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko kupigana.

Mwanga wa vioo uliwajia usoni kama maji. Nguo zilikauka mwilini na kukakamaa. Maneno yalikauka mdomoni. Msemaji alianza sentensi akiwa mtu mzima na kuimaliza akiwa mtoto, au marehemu baba yake, na wajumbe walijifunza kungoja mpaka arudi. Songoro na watu wake walisimama mbele na ngao za ngozi ya nyati, wakivunja kioo hiki na kile kwa kombeo, na wakipigwa na wale waliokuja nyuma ya vioo, ambao walikuwa na silaha za kawaida kabisa, mikuki na marungu. Kijana aliyeitwa Hamduni, mwana wa Ngwali, alianguka karibu sana na benchi la tatu. Ngwali alimfunika uso kwa kanzu yake mwenyewe. Wajumbe waliinuka kwenye mabenchi. Ngwali akasema, "Endeleeni," na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejulikana.

Zilikuja siku ambazo mstari wa vioo ulisogea, nao wakalazimika kurudisha mabenchi nyuma, wakiona haya. Zilikuja siku ambazo nusu ya wajumbe walitaka kuondoka, wakajadili kuondoka, wakapiga kura, wakabaki kwa tofauti ya kivuli kimoja. Wajumbe wa mji wa jirani walifika na viti vyao wakauliza wakae wapi. "Mbele," Songoro aliwajibu. Walitazamana, wakakaa mbele.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Vioo haviko juu kama jua. Viko usawa wa mtu. Wakati wote watu walipokimbia au kuinama, mwanga ulipita juu yao na kuendelea. Lakini sasa palikuwa na watu waliosimama, na nyuma ya kila aliyesimama kivuli kilinyooka, kirefu, kikapanda upande wa pili wa bonde. Wafinyanzi wa Korongoni ya Chini ndio walioona kwanza. Walibeba vyungu vyao vibichi wakavipanga nyuma ya Baraza, katika vivuli vya wajumbe, na wakawagombeza waliotingishika.

"Mheshimiwa, simama wima, mtungi wangu unapigwa na jua!"

Mjumbe wa Bwana Adhuhuri alikuja siku hiyo kudai jibu. Alikuwa msafi kama awali, ila alisimama mbali zaidi.

"Tamkeni, mkapumzike."

Nyange akasimama. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kwa siku kadhaa alikuwa akiongoza kikao kwa kusikia tu. Aliweka hoja mbele ya Baraza, kwa utaratibu, kama vile wako mjini: kwamba Korongoni ya Juu ni ya watu wake, kwamba Baraza halitatamka vinginevyo, leo wala kesho, kwamba watapigana hapa mpaka jioni irudi, na Jemadari atapokea amri kutoka kwenye mabenchi haya na si kwingine. Wanaokubali?

Mikono ikainuka. Vivuli vikatupwa juu ya mteremko wa nyuma, vikubwa kama miti, na wahesabuji wakapanda kuvihesabu. Walirudi wakitazamana.

"Mwenyekiti, kuna kasoro. Vimezidi. Kipo kivuli kimoja ambacho hakina mjumbe."

Wote wakageuka. Katika mstari wa vioo, kule mbali kwenye kona, mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa, peke yake, na kwa kuwa ulikuwa umeshikilia pembe ya kioo kilichopinda, kivuli chake kilivuka bonde lote kikaja kulala juu ya mteremko wao. Hawakuweza kuona ni wa nani. Hawakujua hata baadaye. Mtu mwenye silaha alikuwa tayari anakimbia kuelekea kona ile.

"Kwa kanuni," alianza mhesabuji mmoja, "asiye mjumbe…"

"Kihesabuni," alisema Ngwali.

Alikuwa hajainua mkono wake. Sasa akauinua.

"Kihesabuni," alirudia. "Na changu."

*

Songoro alishuka na watu wake na wageni wenye viti, na amri ya mabenchi nyuma yao, kuelekea kona ile ambako mstari ulikuwa umelegea. Mapigano yalikuwa mabaya na marefu. Hayakuwa na utukufu wowote, na Baraza liliyatazama yote bila kufumba macho, kama lilivyokuwa limekubali. Vioo vilivunjika kuanzia kona kwenda katikati. Si vyote. Ukingo wa juu kabisa, chini ya kilele, ulibaki mweupe, na ng'ambo yake ilibaki Tambarare, ambayo sasa walijua kwamba hawaikumbuki. Lakini juu ya nyumba za Korongoni ya Juu jua lilitikisika, kama mtu anayeamshwa, likaanza kuinama.

Watu wa kule walitoka milangoni. Walikitazama kivuli cha paa kikitambaa uani, wakarudi nyuma, wakaogopa kukikanyaga. Mboja aliuliza kwa woga kitu hiki ni nini, na mfinyanzi mmoja akamwambia kwamba ni alasiri, na baada yake ipo nyingine inaitwa magharibi, na asiogope.

Sihaba alikimbia kwenye tanuru.

Mize alikuwa amekaa juu ya gogo, viganja vyake vimeungua mpaka vimekuwa vyeusi, kioo chake kimelala chini kifudifudi. Alikuwa hai. Alimtazama Sihaba kwa tabasamu lile lile la milangoni, tabasamu lisilo na mtu nyuma yake.

"Shikamoo, dada."

"Ndiyo."

"Mimi Sihaba."

"Ndiyo."

"Unaitwa nani?"

"Tulia."

Sihaba akakaa chini. Akamfunga viganja kwa kitambaa chenye maji. Alimwambia habari za mama yao, za daraja, za vigae alivyovimwaga ngazini siku ile. Kwa kila jambo Mize alijibu ndiyo. Kutoka bondeni zilisikika sauti za Baraza, ambalo lilikuwa limeshaanza kubishana kuhusu nani ajenge upya, na kwa matofali ya wapi, na Ngwali akipiga kelele kuliko wote huku akilia. Jua lilifika ukingoni. Hewa ikapoa kwa mara ya kwanza, na nywele za mikono ya Mize zikasimama.

"Una baridi," Sihaba alimwambia, akavua ushungi wake akamwekea mabegani. "Twende ndani, ukalale."

Midomo ya Mize ilitingishika, ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Akautoa ushungi mabegani kwa viganja vyake vilivyofungwa, akaurudisha mapajani mwa mdogo wake.

"Sitaki," alisema.